Nyota Tano za Mjane

Sehemu ya Sita

Kibaya chajiuza, kizuri chajitembeza. Wazee walisema kinyume chake, najua, lakini wazee hawakuwa na simu. Siku hizi kibaya kinalala kitandani kikipiga miayo, na wanunuzi wanakifuata huko huko. Kizuri kinazunguka vichochoroni na jua la saa saba, wala hakuna anayekiuliza jina.

Tuliachana, msomaji wangu, nikiwa kizingitini kwa Bi Mwanamkisi kule Wiyoni, simu mkononi. Mlango ulikuwa umefunguka. Na sauti kutoka ndani ilikuwa imeniita niingie, kwa Kiamu chake:

"Ndoo, mwenye udi. Ndoo unambie hiyo Ijumaa nilinukia vipi."

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, jina langu ni Asmaa. Mimi na dada yangu Raihana tunapika udi nyumbani kwetu na kuuza kwa jina la Udi wa Mabinti. Wateja walipopungua tulimwajiri Austin, mtaalamu wa kuuza mtandaoni, tukampa ukurasa wetu na nywila yake. Asubuhi ile niliamka nikakuta ukurasa wetu umebandikwa picha ya Bi Mwanamkisi, kichwa wazi, wanja machoni, yasmini nyweleni. Chini yake kulikuwa na maneno haya:

"Mimi ni Bi Mwanamkisi wa Wiyoni. Ijumaa iliyopita nilijifukiza Udi wa Mabinti nikaenda harusini. Wanaume waligeuka njia nzima! Nawapa nyota tano."

Bi Mwanamkisi ni mjane. Yuko edani. Mwanamke aliye edani hatoki, hatii wanja, hapaki hina, hajifukizi. Tangu mumewe azikwe, hajavuka kizingiti kile nilichokuwa nimekikanyaga.

Niliingia.

Pua yangu ndiyo kazi yangu, msomaji. Nifumbe macho unipitishe mitaani, nitakwambia hapa kwa fulani, pale kwa fulani. Nyumba ile haikuwa na harufu yoyote. Sabuni ya mche na maji, basi. Na katikati ya usafi ule mimi nilinuka kama harusi nzima. Nilitamani kujivua ngozi.

"Usisonge," alisema. "Keti papo mlangoni. Nguo zako zanukia."

Nikaketi sakafuni. Alikuwa juu ya kitanda, amejitanda leso nyeupe. Uso wake ulikuwa mkavu. Huyu ndiye mwanamke ambaye mabibi harusi wa Lamu hupelekwa kwake wafundwe. Akisema mtu fulani ni mwema, posa inapita. Akinyamaza, posa inakufa. Hajapata kusifu kitu asichokijua.

"Bi Mwanamkisi, wallahi si mimi niliyeandika."

"Sikuuliza nani kaandika. Nimeuliza nilinukia vipi."

Nikakusanya pindo la buibui langu, harufu isimfikie.

"Wiki iyayo natoka edani," alisema. "Desturi waiyua. Wanawake huya, wakanosha, wakanivika, wakanitoa. Leo asubuhi mawifi zangu wameniletea salamu. Hawayi. Wasema aliyejitoa mwenyewe akenda harusini hana haja ya kutolewa."

"Watakuja. Nitawaendea mimi. Nitawaeleza."

"Utawaeleza ukiwa nani? Muuza udi?" Alicheka, kicheko kifupi kama kikohozi. "Lete simu yako."

Nikampa, posti ikiwa wazi. Akainyoosha mbali na macho, kisha akanirudishia.

"Angalia hapa ukingoni. Waona nini?"

"Ubao, Bi. Kama ubao."

"Inua kitwa."

Nikainua kichwa. Ukutani, juu ya kitanda chake, palikuwa na picha ile ile katika fremu ya mbao. Pembeni mwa fremu, chokaa ilikuwa na ufa. Nikaangalia simu. Ufa ule ule.

"Picha hiyo alinipiga marehemu, chumbani humu, mwaka tuliooana," alisema. Sauti ilimkatika mara moja tu. "Haiyatoka ukutani. Alikuwa haionyeshi hata kwa nduguye. Sasa yatizamwa na wauza samaki."

"Basi kuna mtu aliingia humu..."

"Tangu nikae eda hakuingia mwanamume chumba hiki. Wameingia wanawake, wamekuya kunihani. Mmoja wao alikuya na simu na moyo mbovu."

"Nani?"

"Nitamyua vipi, mwanangu? Wote walilia." Akapangusa midomo kwa ncha ya leso. "Ni dadako tu nisiyemtilia shaka. Kanletea uji wa mtele mara kwa mara, kakaa nami, kanikanda miguu. Mungu amlipe. Hawa wengine, sina hakika nao."

Nilimwambia nitakwenda kuifuta posti ile saa ile ile. Akainua mkono.

"Kufuta kwatosha nini, na mui mzima umeshaona? Mimi nataka ukweli usemwe pale pale uliposemwa uwongo. Kisha huyo mwenye mkono mlete hapa kizingitini. Nataka nimuone mato."

"Nitamleta."

"Hata akiwa nani?"

"Hata akiwa nani."

"Apa."

"Wallahi."

Niliapa haraka hivyo, msomaji, kama mtu anayesaini karatasi bila kuisoma.

*

Ukumbi wa ghorofani karibu na gati ulikuwa umejaa. Ukutani kitambaa kirefu kiliandikwa UAMINIFU NDIO MTAJI. Chini yake alisimama Austin na viatu vyake vyeupe. Simu yake ilikuwa juu ya vyuma vya miguu mitatu, ikirusha mafunzo yake ya biashara mubashara kwa kila mwenye intaneti na nafasi.

"Wateja hawanunui bidhaa!" alikuwa anasema. "Wananunua nini?"

"Uaminifu!" wafanyabiashara wadogo wa Lamu wakaitikia kama watoto wa chuo cha Kurani.

Kulikuwa na Barka mshona makubadhi, kifua mbele. Kulikuwa na Wamuyu muoka keki, mama wa bara aliyekaa nasi mpaka akajua kila msiba wa mtaa. Mstari wa mbele alikuwa dada yangu Raihana, buibui jipya, simu mapajani. Siku ile wenye hoteli moja ya Ras Kitau walikuwa wanatazama mafunzo kutoka kisiwa cha ng'ambo. Wakiridhika na sifa zetu, watachukua udi wetu kwa kila chumba. Raihana alikuwa haongei jambo jingine tangu mwezi ulipoandama.

"Na huyu hapa!" Austin akaniona. "Asmaa wa Udi wa Mabinti! Jamani, makofi! Posti yao ya jana imetazamwa na watu wengi kuliko zote nilizowahi kuandika hapa kisiwani!"

Wakapiga makofi. Wallahi walipiga.

"Ifute," nikasema.

"Nini?"

"Posti ya Bi Mwanamkisi. Ifute sasa hivi."

Austin akacheka na kamera, kisha akanivuta pembeni, kiganja begani mwangu. Nikakitoa kiganja.

"Sikiza, madam," akanong'ona. "Najua kuna kelele. Si kelele ndio tunataka? Watu wakigombana wanarudi kusoma. Wakirudi, wananunua. Hiyo ndio maketing."

"Yule mwanamke yuko edani, nawe umemwandika yuko harusini."

"Eda ni nini?"

Msomaji, mtu huyu ameuza Lamu miaka miwili. Amekula biriani kwenye hitima zetu. Amepiga picha milango yetu, punda wetu na watoto wetu. Na leo ananiuliza eda ni nini, kama anayeuliza choo kiko wapi.

Nikamweleza. Nikamweleza kwa maneno machache. Akasikiliza huku anatikisa kichwa, na nikaona, naapa, nikaona wazo likimuingia machoni.

"Lakini hiyo ni kali!" akasema. "Kumbe kuna stori! Basi tunageuza. Tunafanya video ya kuomba radhi. Wewe na yeye, mmekaa pamoja, taa laini. Mnalia. Machozi ya mjane, madam, hakuna kitu kinauza kama hayo. Nyuma tunaweka chetezo kinafuka, jina la biashara lionekane vizuri."

Nilishika ukingo wa meza.

Alikuwa ameshamvua mwanamke yule leso kichwani mbele ya mji. Sasa alitaka na machozi yake.

"Na nikitaka kuomba radhi sasa hivi?" nikamuuliza.

"Hapa? Mubashara?"

"Hapa hapa."

"Wee ni moto, Asmaa!" Akakimbilia taa yake ya duara, akaniwashia usoni. "Anza polepole. Ukifika kwa jina lake, lia kidogo. Usilie sana, maneno yatapotea."

Nikasimama mbele ya simu. Raihana aliniangalia kwa tabasamu la wasiwasi. Akaninyooshea dole gumba.

"Assalaam alaikum," nikasema. "Mimi ni Asmaa wa Udi wa Mabinti. Bi Mwanamkisi hakwenda harusini. Hakujifukiza udi wetu wala wa mtu mwingine. Yuko edani, hajavuka kizingiti chake, na picha ile iliibwa ukutani chumbani kwake. Maneno yale ni uwongo uliotungwa katika ukumbi huu. Mawifi zake, kama mnanisikia, mmemkata mtu kwa kisu cha Austin."

"Hapana, hapana," Austin akasema kwa mdomo bila sauti, akichora machozi shavuni kwa kidole. "Lia! Lia!"

"Na si uwongo huo tu," nikaendelea. "Ukurasa wetu una nyota mia na zaidi. Barka, simama."

Barka akasimama, maskini, akidhani anasifiwa.

"Barka aliandika hivi: 'Tangu nitumie udi huu mke wangu ananipenda upya.' Barka, mkeo nani?"

Mtu nyuma akapasuka kicheko. Barka ana arobaini na ushei na bado anakula kwa mamake.

"Mimi... niliandikiwa," Barka akasema. "Austin alisema tusaidiane. Wewe nipe nyota, mimi nikupe."

"Nami nimeandikiwa kuwa nilitembea kutoka Mkokoni, bara, mpaka Kiwayu na makubadhi yako bila kuchubuka. Kiwayu ni kisiwa, Barka! Nilitembea juu ya maji?"

Kicheko kikakata ukumbi. Austin hakucheka. Alirukia simu.

Hakufika. Wamuyu alikuwa ameinuka, na Wamuyu akiinuka kati ya mtu na kitu, kitu hicho hakifikiki.

"Kaa chini, Austin."

"Mama Wamuyu, anatuharibia!"

"Nimesema kaa. Acha msichana amalize." Kisha akageuka mwenyewe kwenye kamera, mikono kiunoni. "Na mimi niseme langu. Keki zangu zina nyota tano kutoka watu ambao hawajawahi kuzila. Nikiziangalia naona haya. Mwenye kutaka kujua keki yangu aje aonje. Ikimshinda, aseme."

Sasa ukumbi uliwaka. Mmoja alipiga kelele kuwa tumewavua nguo. Mwingine alisema na yeye nyota zake zifutwe kabla mamake hajaona. Barka alinijia karibu, mate yanamruka.

"Umetumaliza, Asmaa! Mui mzima unaangalia! Nani atanunua kwetu tena?"

"Anayevijua viatu vyako atanunua. Ni viatu vizuri, Barka. Ulivitia uwongo wa nini?"

"Nilikuwa nasaidia!" Austin akapaza sauti. Sasa hakuwa mwalimu. Jasho lilimtoka. "Nyinyi wote mlikuja kwangu mnalia biashara imekufa! Mnataka uaminifu wa kesho asubuhi! Uaminifu wa kesho asubuhi unatoka wapi, kama si kwa kuandika?"

"Huyo mwanamke ameujenga wake maisha mazima," nikasema. "Wewe ukaingia kama mwizi wa kuku ukaubeba kwapani."

"Mimi sikuingia kwa mtu! Hata simjui! Jina nilipewa! Picha nilipewa!"

"Na nani?"

Akaangalia simu yake. Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka.

"Na nani, Austin?"

"Si na wewe mwenyewe?" akasema. "Si na kampuni yako?"

Akanyoosha kidole mstari wa mbele.

*

Raihana hakuinuka. Alikuwa ameikamata simu yake kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kikombe cha moto.

Msomaji, dada yangu ndiye aliyenifundisha kupika udi. Alinishika mkono sukari inapoyeyuka, akanionyesha rangi yake inapofika, kabla haijaungua. Tulipofiwa na mama, yeye ndiye aliyenisuka nywele. Mkono ule uliokanda miguu ya mjane, mkono ule uliobeba bakuli la uji wa mchele, nilikuwa nimeulalia utotoni.

"Sema si wewe," nikamwambia.

"Zima simu kwanza."

"Sema si wewe, Raihana."

"Nilituma picha tu," akasema. "Alitaka uso wa mtu anayeaminika. Nani anaaminika mjini humu kuliko yeye? Maneno ameandika Austin."

"Uliyasoma?"

Akaifunika simu kwa kiganja.

"Dada, uliyasoma kabla hayajatoka?"

"Niliyasoma."

"Na ulijua yuko edani."

"Eda yenyewe inakwisha!" Alisimama sasa, sauti juu. "Imebaki kidogo! Nilidhani posti itapanda polepole, watu waione yeye ameshatoka. Nani angehesabu siku?"

"Wajane huhesabu."

Nilisikia Wamuyu akivuta pumzi nyuma yangu.

"Ulikuwa unampelekea uji," nikasema. "Uji, Raihana. Uliipiga ile picha ya ukutani kabla ya kumpa uji au baada?"

"Usinifanye mnyama. Nilimpenda. Nampenda bado. Lakini ghala letu limejaa udi usionunuliwa. Wewe unakaa na pua yako na ustadi wako, unangoja kizuri kijiuze. Kizuri hakijiuzi! Mtu lazima akitembeze. Nimekitembeza mimi, kwa ajili yako!"

Hapo, msomaji, ndipo karaha iliponipanda hasa. Kwa ajili yangu. Machafu yote ya dunia hii hufanywa kwa ajili ya mtu mwingine.

Simu yake ikalia mkononi. Akaiangalia. Nikaona uso wake ukizima.

"Ras Kitau," akasema taratibu. "Walikuwa wanatazama. Wameghairi."

Akanitupia simu miguuni.

"Umeridhika? Vyumba vyote vile. Mwaka mzima wa kazi. Umenivua nguo mbele ya mui, mbele ya wageni, mbele ya kina Barka! Mimi niliyekulea! Mambo ya nyumbani huzungumzwa nyumbani, Asmaa. Sasa geuka huko kwenye kamera, uniombe radhi. Useme ulikuwa na hasira. Useme ulikosea jina."

"Afadhali," Austin akadakia kutoka pembeni, hata katika hali ile. "Dada kwa dada. Watu watapenda sana hiyo."

Wamuyu alimwangalia mara moja tu. Austin akarudi ukutani.

"Omba radhi," Raihana akasema. Machozi yalimshuka, na yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililonikata zaidi. "Uniombe radhi, twende nyumbani, tuyamalize. Ukikataa, usije kulala kwangu. Jiko ni langu, masufuria ni yangu, jina utabaki nalo wewe."

Barka aliniangalia. Wote waliniangalia. Juu ya vyuma vile vitatu, jicho dogo la simu liliniangalia, na nyuma yake Wiyoni nzima, na mawifi saba, na mjane mmoja katika chumba kisicho na harufu.

Nilikuwa nimeapa. Hata akiwa nani.

Niliinama nikaiokota simu ya dada yangu. Nikaipangusa vumbi kwa mtandio wangu, nikamrudishia mkononi.

"Vaa viatu," nikamwambia. "Bi Mwanamkisi anakungoja kizingitini. Anataka akuone macho."

"Utanipeleka? Mimi?"

"Wewe."

"Mbele ya mui wote huu?"

"Njia ni hiyo moja."

"Asmaa." Alinong'ona jina langu kama zamani, kama usiku ngurumo zikipiga. "Niombe radhi kwanza. Neno moja tu, nitakwenda nawe."

Nikamfungulia mlango wa ngazi. Huko chini, barazani, sauti za wanawake zilikuwa tayari zinapanda, na iliyotangulia ilikuwa ya wifi mkubwa wa Bi Mwanamkisi.

"Siombi," nikasema. "Shuka."